Rangi Zilizojificha Ndani ya Kisamvu: Kromatografia na Upimaji wa Vitamini A katika Pwani ya Lindi

Bibi mmoja wa Kilwa Kivinje alimleta mjukuu wake wa miaka minne kwa tatizo ambalo kila mhudumu wa afya wa pwani hana budi kulitambua mara moja. Jua likishatua mtoto hujikwaa kwenye kizingiti, hukipapasa kikombe kilichowekwa mbele yake, na hukataa kutoka uani, ilhali mchana hakuna mtundu kumshinda. Miezi miwili nyuma alikuwa ameugua surua. Zoezi la matone ya vitamini A la Juni lilimpita, kwa kuwa familia ilikuwa dago, kisiwani, katika msimu wa uvuvi. Siku aliyofikishwa kwetu alikuwa pia na homa, na kipimo kilionyesha vimelea vya malaria.

Tulimtibu malaria, tukampa dozi ya kwanza ya vitamini A siku ile ile, ya pili kesho yake, na ya tatu tukaipanga baada ya wiki mbili. Kabla ya dozi ya kwanza tulichukua damu kidogo ili ipelekwe maabara jijini Dar es Salaam. Majibu yaliporudi, wiki kadhaa baadaye, retinoli ilikuwa chini ya kiwango, na karotenoidi, zile rangi za mboga na matunda, zilikuwa karibu hazipo kabisa. Nikamwambia bibi, kwa sauti ambayo leo naijutia, kwamba mtoto halishwi mboga.

Alinitazama kwa muda. "Mwanangu daktari," akasema, "kwangu mimi kisamvu na mchicha ndicho chakula chetu cha kila siku. Hicho kipimo chako kilikuja kula kwangu lini?"

Sikuwa na jibu. Kulitafuta kulinirudisha kwenye jambo ambalo sisi madaktari hulisaini kwenye fomu bila kulifikiria: namna maabara inavyoitenga vitamini moja kutoka katika tone la damu lenye maelfu ya vitu vingine, na ni wapi kazi hiyo huweza kuharibika kabla hata mashine haijawashwa.

Kwanza, ni nini kinachotafutwa. Vitamini A hufika mwilini kwa njia mbili. Ya kwanza ni retinoli iliyo tayari kutumika, ipatikanayo katika maini, mayai, maziwa na samaki, hasa dagaa na samaki wadogo wanaoliwa wazima pamoja na maini na macho yao. Ya pili ni karotenoidi za mimea. Karotenoidi zinazojulikana ni zaidi ya 600, lakini takriban 50 tu ndizo zinazoweza kugeuzwa na mwili kuwa vitamini A, na kati ya hizo tatu ndizo zenye uzito katika chakula cha binadamu: beta-karotini, alfa-karotini na beta-kriptoksanthini. Hata hizo tatu hazilingani. Kwa hesabu inayotumika sana leo, mikrogramu 12 za beta-karotini ya chakulani huhesabiwa sawa na mikrogramu moja ya retinoli, na zile nyingine mbili huhitaji mikrogramu 24. Luteini iliyojaa katika majani mabichi na likopeni inayolipa tungule wekundu wake ni karotenoidi pia, tena zina kazi zake mwilini, lakini hazitoi vitamini A hata chembe.

Hapo ndipo ugumu wa upimaji ulipo. Jani la kisamvu huonekana kijani kwa sababu klorofili imeifunika manjano iliyomo ndani yake, na manjano hiyo yenyewe ni mchanganyiko. Zamani mpimaji aliweza kukamua rangi yote, akapima ukali wa umanjano kwa ujumla, kisha akatangaza kwamba mboga hii ina vitamini A nyingi, kumbe sehemu kubwa ya alichokipima ni luteini. Kwa upande wa damu na mafuta, kwa miaka mingi ilitumika njia ya Carr na Price ya mwaka 1926: kemikali ya antimoni iliyochanganywa na sampuli ikatoa rangi ya samawati ambayo ilififia ndani ya sekunde chache, hata mpimaji akapaswa kusoma kipimo kwa haraka ya mtu anayekimbilia pantoni. Wingi ulipimwa, kilichokuwa kikipimwa hasa hakikujulikana vizuri.

Chaki na rangi

Aliyefungua njia alikuwa mtaalamu wa mimea, Mrusi Mikhail Tsvet, aliyezaliwa Asti, Italia, mwaka 1872. Akifanya kazi Warsaw mwanzoni mwa karne ya 20, aliusaga unga laini wa chaki, akaushindilia ndani ya mrija wa kioo, akamimina juu yake rangi alizozikamua kutoka kwenye majani, kisha akaendelea kumimina kimiminika safi kilichoshuka taratibu. Rangi hazikushuka kwa pamoja. Zilijipanga kama pete, kijani mahali pake, manjano mahali pake, na kila pete ilikuwa kitu kimoja kilichotengwa na wenzake. Mwaka 1906 aliipa njia hiyo jina la kromatografia, yaani maandishi ya rangi. Jina lake yeye mwenyewe, Tsvet, kwa Kirusi maana yake ni rangi, na wenye utani husema alijiandikia.

Msomaji anaweza kuelewa kinachotokea bila kemia. Fikiria kundi la watu walioondoka pamoja kutoka stendi ya Kilwa Kivinje kuelekea ufukweni. Mgeni asiye na ndugu mjini hupita moja kwa moja na kufika wa kwanza. Mwenyeji mwenye shangazi kila mtaa husimama kwenye kila baraza, anasalimia, anaulizwa habari za nyumbani, anakaribishwa kahawa. Huyo atafika magharibi. Hakuna aliyewatenganisha kwa nguvu. Wametenganishwa na kiasi ambacho kila mmoja anavutwa na mitaa anayoipita. Mrija wa Tsvet ndio mitaa, kimiminika kinachoshuka ndicho mwendo wa kundi, na kila molekuli ina ndugu zake.

Mwalimu wa sekondari anaweza kuionyesha darasani. Ponda majani ya mchicha kwa spiriti kidogo, simamisha kipande cha chaki nyeupe ndani ya maji hayo, na baada ya dakika chache utepe wa kijani na wa manjano huanza kuachana ukipanda juu ya chaki. Nimewahi kuwaonyesha wauguzi, na mmoja wao akasema sasa ameelewa kwa nini jani likinyauka hugeuka manjano: manjano ilikuwamo siku zote.

Kazi ya Tsvet ilipuuzwa kwa miaka mingi hadi ilipofufuliwa miaka ya 1930 na wanakemia waliokuwa wakizichunguza karotenoidi. Paul Karrer alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1937 kwa utafiti wa karotenoidi na vitamini, na Richard Kuhn mwaka uliofuata. Kwa hiyo historia ya kromatografia na historia ya vitamini A zimesukwa pamoja tangu mwanzo.

Mashine ya leo

Mrija wa Tsvet ulitegemea mvutano wa dunia. Mashine ya leo, ambayo maabara huiita HPLC, hutumia pampu inayokisukuma kimiminika kwa shinikizo kubwa kupita mrija wa chuma, ambao kwa kawaida una urefu wa sentimita 15 hadi 25 na uwazi mwembamba kuliko kalamu. Ndani yake hakuna chaki, bali chembechembe za silika zenye upana wa mikromita 3 hadi 5, zilizovikwa minyororo ya kaboni. Minyororo hiyo ina tabia ya mafuta, kwa hiyo huvuta vitu vyenye asili ya mafuta, na vitamini A ni mmoja wao.

Damu haiingizwi kwenye mashine kama ilivyo. Mtaalamu huanza na majimaji ya damu yaliyotenganishwa na chembe zake, chini ya nusu mililita. Huongeza ethanoli ili protini zigande na kuiachilia retinoli zilizoibeba, kisha heksani, ambayo huzivuta vitamini za mafuta na kuelea juu kama mafuta juu ya mchuzi. Tabaka hilo la juu hutolewa, hukaushwa kwa kupulizwa gesi ya naitrojeni, na mabaki yake huyeyushwa upya kabla ya kuingizwa. Mwanzoni kabisa huongezwa pia kiasi kinachojulikana cha kitu kisichokuwamo katika damu, aghalabu retinili aseteti. Kikipotea kiasi fulani njiani, mpimaji hujua kwamba na vitamini imepotea kwa uwiano huo, akasahihisha hesabu. Kwangu mimi huu ndio ujanja mzuri kuliko yote katika kazi nzima: kumtuma mtu unayemfahamu asafiri pamoja na msafara, ili akirudi amechoka ujue njia ilikuwaje.

Mwisho wa mrija pana kitambuzi cha mwanga. Retinoli hufyonza mwanga wa urujuanimno wenye urefu wa wimbi wa nanomita 325, vitamini E nanomita 292, na karotenoidi nyingi mwanga wa samawati wa nanomita 450 hivi. Kila kinapopita kitu, mchoro hupanda na kushuka kama kilima. Muda ambao kilima hutokea hueleza ni kitu gani. Ukubwa wake hueleza ni kiasi gani. Hivyo sampuli moja ndogo hutoa vitamini A, vitamini E na karotenoidi kadhaa katika safari moja.

Kulibaki tatizo. Mrija wa kawaida, wenye minyororo ya kaboni 18, uliweza kushindwa kutenganisha luteini na nduguye zeaksanthini, au maumbo mbalimbali ya beta-karotini ile ile. Molekuli ya beta-karotini ni ndefu na imenyooka. Joto na mwanga huweza kuipinda, na ile iliyopinda hutoa vitamini A kidogo zaidi. Mwaka 1994 wataalamu wa taasisi ya taifa ya viwango ya Marekani, NIST, walitoa mrija wenye minyororo ya kaboni 30, mirefu ya kutosha kuikumbatia molekuli ndefu ya karotenoidi. Tangu hapo imewezekana kusema kwamba mboga hii ina beta-karotini, na pia kwamba sehemu fulani yake imepindishwa na jiko.

Mashine za kizazi cha sasa hutumia chembe zenye upana wa chini ya mikromita 2 na shinikizo kubwa zaidi, na kazi iliyokuwa ikichukua nusu saa humalizika kwa dakika chache. Nyingine huunganishwa na spektrometa ya masi, ambayo humpima kila anayetoka mlangoni kwa uzito wake. Hii ndiyo inayopendelewa kwa vitamini D, ambapo kwa watoto wachanga kuna molekuli pacha inayofanana mno na ile inayotafutwa. Kipimo kisichoitenga humpa mtoto vitamini D ambayo hana. Vitamini za kundi B na vitamini C zina taratibu zake, kwani huyeyuka katika maji, nami siziingilii hapa.

Namba na maana yake

Kiwango cha retinoli kilicho chini ya mikromoli 0.70 kwa lita, sawa na mikrogramu 20 kwa desilita, huhesabiwa kuwa upungufu. Shirika la Afya Duniani husema kwamba ikiwa watoto asilimia 20 au zaidi katika jamii wako chini ya hapo, tatizo ni kubwa kwa afya ya umma. Katika utafiti wa kitaifa wa afya na demografia wa mwaka 2010, yapata theluthi moja ya watoto wa Tanzania walio chini ya miaka mitano walikutwa na upungufu. Utafiti huo haukupeleka HPLC vijijini. Ulitumia matone ya damu yaliyokaushwa kwenye karatasi, ikapimwa protini inayoibeba retinoli, kwa kuwa kila molekuli ya protini hiyo hubeba retinoli moja. Njia hii inafaa kwa nchi pana kama yetu, lakini huegemea juu ya HPLC, ambayo ndiyo hupima retinoli yenyewe.

Namba hiyo ina hila mbili ambazo lazima mhudumu wa afya azijue. Ini huilinda retinoli ya damu kama mwenye duka anayehakikisha rafu ya mbele haiwi tupu hata ghala likikaribia kwisha. Mtoto anaweza kuwa na akiba ndogo sana na bado kipimo kikasoma vizuri. Hila ya pili ni kinyume chake: maambukizi, malaria yakiwa mstari wa mbele, huishusha retinoli ya damu kwa muda hata kama akiba ipo, kwa kuwa ini hupunguza kuitoa protini inayoibeba. Katika pwani ya Lindi, ambako mtoto mwenye homa ni mgeni wa kila siku wa zahanati, retinoli iliyopimwa bila kuangalia uvimbe mwilini, kwa mfano kwa kipimo cha CRP, husema nusu ya habari.

Kromatografia imetoa njia ya kulichungulia ghala lenyewe. Mtoto hunyweshwa kiasi kidogo cha molekuli inayofanana na retinoli, tofauti yake ikiwa kifungo kimoja tu cha kemikali, na damu huchukuliwa baada ya saa 4 hadi 6. Ini lenye njaa huwa na protini nyingi zisizo na cha kubeba, zikaishika ile iliyonyweshwa na kuitoa kwenye damu. Ini lenye akiba haliihitaji. Uwiano wa molekuli hizo mbili ukifika 0.060 au zaidi, akiba ni pungufu. HPLC ndiyo inayofanya kipimo hiki kiwezekane, kwa kuwa ndiyo huwatenga pacha hao. Ni kipimo cha utafiti, si cha kliniki ya kawaida.

Nalisema hili wazi kwa wagonjwa, kwani huniuliza: hakuna haja ya kulipia kipimo cha vitamini A ili mtoto atibiwe. Mtoto asiyeona jioni, mwenye madoa meupe kama povu kwenye weupe wa jicho, au mwenye kioo cha jicho kilichokauka, hutibiwa siku hiyo hiyo. Mwenye surua vivyo hivyo, hata macho yake yakiwa mazima. Mwaka 1987 yalichapishwa matokeo ya jaribio lililofanywa katika Hospitali ya Mvumi, Dodoma, kwa watoto 180 waliolazwa kwa surua. Katika 88 waliopewa vitamini A walifariki 6. Katika 92 waliopata matibabu ya kawaida peke yake walifariki 12. Peke yake lilikuwa jaribio dogo, lakini tafiti zilizofuata kwingineko ziliunga mkono, na leo surua huenda pamoja na dozi mbili za vitamini A kwa siku mbili mfululizo. Zahanati ya kijijini haihitaji kromatografu. Inahitaji vidonge, vya bluu vya yuniti 100,000 kwa wenye miezi 6 hadi 11 na vyekundu vya yuniti 200,000 kwa wenye mwaka mmoja hadi mitano, na orodha ya watoto waliokuwa dago siku ya zoezi.

Jambo moja dogo katika msimu wa maembe: mtoto au mtu mzima akija na viganja na nyayo za manjano lakini weupe wa macho ni safi, muulize amekula maembe na mapapai kiasi gani kabla ya kuandika homa ya manjano au ugonjwa wa ini. Karotenoidi hupaka ngozi rangi na haziugusi weupe wa jicho.

Kutoka maabara hadi jikoni

Faida kubwa ya kromatografia kwetu, kwa maoni yangu, haiko kwenye damu bali kwenye chungu. Mtafiti wa Taasisi ya Chakula na Lishe Tanzania, Godwin Mulokozi, pamoja na Ulf Svanberg wa Chuo Kikuu cha Chalmers nchini Sweden, walizipima mboga za majani kwa HPLC na kuchapisha matokeo mwaka 2003 na 2004. Walilinganisha mboga zilizoanikwa juani, kama tunavyoanika sisi, na zilizokaushwa ndani ya kikaushio cha sola. Zile za kikaushio zilihifadhi karotini nyingi zaidi. Kisha, katika maabara iliyoiga tumbo, waliuliza swali la maana zaidi: katika beta-karotini iliyomo kwenye mboga iliyopikwa, ni kiasi gani hutoka kwenye jani kikawa tayari kufyonzwa? Bila mafuta ilitoka sehemu ndogo. Mboga ile ile ikipikwa na mafuta, kiasi hicho kiliongezeka sana.

Mwanamke wa Kilwa anayetwanga kisamvu kinuni na kukiunga kwa tui la nazi amekuwa akifanya mambo mawili ambayo maabara huyafanya pia. Mchi huvunja kuta za chembe za jani, kama ambavyo mtaalamu wa maabara naye huanza kwa kinu na mchi vidogo vya kauri. Na mafuta ya tui huzibeba karotenoidi, kama heksani inavyofanya ndani ya kichupa. Nazi yenyewe haina vitamini A. Ni chombo cha kuisafirishia. Ndiyo maana ugonjwa wa kunyong'onyea ulioua minazi katika pwani ya kusini hauhusu wakulima pekee. Nazi inapopanda bei, kisamvu hupikwa kwa maji na chumvi, jani ni lile lile, na mtoto hupata pungufu. Lindi ni mkoa wa ufuta na korosho; kijiko cha ufuta uliotwangwa ndani ya mboga hufanya kazi ile ile, wala hakihitaji kusubiri msimu wa nazi. Viazi lishe, vile vyenye nyama ya rangi ya chungwa, navyo hustawi katika ardhi ya kichanga, na kipande cha ukubwa wa ngumi hubeba beta-karotini nyingi. Kiazi cheupe hakina kitu.

Mafuta ya kupikia ya viwandani yanapaswa kuongezwa vitamini A, kwa kanuni zilizotolewa na serikali mwaka 2011, na kuna vifaa vya mkononi vya kuikagua kwa haraka, HPLC ikibaki kuwa mwamuzi pale penye ubishi. Lakini vitamini hiyo haipendi mwanga. Mafuta ya kupima yanayowekwa kwenye chupa angavu na kuanikwa mbele ya duka yageuke dhahabu juani hupoteza kile kilichoongezwa kiwandani. Mwenye duka akiyahamishia kivulini hapotezi chochote.

Na kuna sifa, mafuta ya maini ya papa ambayo mafundi wa majahazi huyapaka kwenye mbao. Wazee wengine huyasifu pia kama dawa, na hawakukosea kwamba yana nguvu: kabla vitamini A haijatengenezwa viwandani, maini ya papa yalinunuliwa kwa wingi nchini Marekani kwa sababu hiyo hiyo. Tatizo ni kwamba kiasi hutofautiana mno kati ya papa mmoja na mwingine, na hakuna awezaye kukijua kwa kuonja. Retinoli ikizidi huharibu ini, na kwa mjamzito huweza kumdhuru mtoto tumboni. Kwa mjamzito kiwango cha juu kinachoruhusiwa ni yuniti 10,000 kwa siku. Sifa ibaki kwenye jahazi.

Ile sampuli

Nilifuatilia safari ya ile damu. Majimaji yake yaliwekwa kwenye kichupa angavu, bila kufungwa kwa karatasi ya alumini, yakakaa dirishani mahali fulani yakisubiri usafiri, kisha yakasafiri zaidi ya kilomita 400 ndani ya kisanduku ambacho barafu yake iliyeyuka njiani. Karotenoidi zina vifungo vingi vya kemikali vinavyopokezana. Hivyo ndivyo vinavyozipa rangi, na hivyo hivyo ndivyo vinavyoshambuliwa na mwanga, joto na hewa. Mashine haikudanganya. Ilipima kwa uaminifu kitu kilichokwisha kuharibika. Na retinoli nayo ilisomwa kutoka kwa mtoto mwenye malaria, kwa hiyo hata namba ile haikuwa ya kuitolea hukumu.

Kwa wahudumu, basi: chukueni damu ya kipimo hiki mbali na jua la moja kwa moja, fungeni kichupa kwa karatasi ya alumini papo hapo, tenganisheni majimaji mapema na msiyapeleke yakiwa mekundu kwa chembe zilizopasuka, yagandishwe, na yakikaa kwa muda mrefu yahitaji nyuzi joto 80 chini ya sifuri, na andikeni kwenye fomu kama mgonjwa ana homa. Msiamini barabara. Mei 2024, baada ya Kimbunga Hidaya, barabara ya Dar es Salaam kwenda Lindi ilikatika eneo la Somanga, na hakuna barafu inayovumilia foleni ya siku kadhaa.

Siku ile ile bibi aliponiuliza swali lake, nilimwomba ridhaa ya kuchukua damu ya mtoto mara nyingine. Vidonge tulivyompa vina retinoli iliyofungwa kwenye mafuta, havina karotenoidi, kwa hiyo visingeweza kuficha wala kuongeza rangi za mboga. Safari hii nilikifunga kichupa mwenyewe, na mtu aliyekuwa akisafiri usiku akakibeba kikiwa kimegandishwa. Mchoro uliporudi, kwenye nanomita 450 palikuwa na vilima viwili visivyohitaji miwani: luteini, ambayo ndiyo alama ya majani mabichi, na beta-karotini nyuma yake. Kilichommaliza mtoto ni surua, kisha malaria, na matone ya Juni aliyoyakosa. Mboga alikuwa akila.

Nilikwenda Kivinje kumwomba radhi. Mtoto alikuwa uani akikimbizana na wenzake na adhana ya magharibi imekwisha kuita. Bibi alinikaribisha barazani, akaniuliza kipimo sasa kinasemaje. Nikamwambia kinasema mjukuu wake anakula kisamvu. Akacheka, akataka kujua kama kinaonyesha pia kwamba kilikuwa cha nazi.